Gramu 566 ambazo jopo halikuzisikia

Ndugu Mhariri,

Makala yenu iliyolalamika kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imewafunga majaji mikono katika kutoa adhabu imekosea shabaha. Kilichokatazwa si busara ya jaji, bali ni jaji kujithibitishia peke yake mambo ambayo Marekebisho ya Sita ya Katiba yameyaweka mikononi mwa jopo la raia.

Itazameni kesi ya Freddie Booker. Ushahidi uliofika mbele ya jopo ulihusu gramu 92.5 za kokeini, na kwa kiasi hicho miongozo ya adhabu, ambayo wakati huo ilimfunga jaji, ilitaka kifungo kisichozidi miezi 262. Jopo lilipokwisha kumtia hatiani, jaji alipokea habari za gramu nyingine 566, akaziamini si kwa kipimo cha kutoacha shaka, bali kwa kuona tu kwamba yaelekea ni kweli, akampa miaka 30. Hiyo ni zaidi ya miaka minane ya nyongeza, kwa sehemu kubwa kwa kokeini ambayo wale raia hawakupata kuisikia ikitajwa. Mimi nimezoea wazee wa baraza wa hapa Tanzania, ambao maoni yao hayamfungi jaji, na bado nilishtuka.

Januari 2005 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba utaratibu huo ulivunja Katiba, kama ilivyokwisha kutamka katika kesi ya Apprendi mwaka 2000 na ya Blakely mwaka 2004. Tiba yake ndiyo inayonikera: badala ya kuagiza kwamba gramu za namna hiyo zipelekwe kwa jopo, iliigeuza miongozo kuwa ushauri tu, hivyo jaji akabaki na ruhusa ya kuzihesabu zilezile, mradi asivuke adhabu ya juu iliyowekwa na sheria. Hiyo, Mhariri, ni mikono iliyofunguliwa.

Hata shtaka ambalo jopo limemwona mtu hana hatia liliweza kumwongezea kifungo, mpaka Novemba 2024 Tume ya Adhabu ya shirikisho, inayoandika miongozo hiyo, ilipoliondoa katika hesabu ya miongozo. Tume ikitaka, inaweza kulirudisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliombwa kulikata jambo hilo na mfungwa aliyeonekana hana hatia ya mauaji lakini akaadhibiwa kwa kuyazingatia mauaji hayohayo. Ikakataa kumsikiliza, baadhi ya majaji wake wakisema wanaisubiri tume.

Msomaji wenu,
Morogoro