Tahadhari ya mwenye nyumba isigeuke hukumu ya kabila zima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie karatasi niliyoikuta imebandikwa kwenye nguzo ya umeme mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma. Ilikuwa inatangaza chumba na sebule, umeme na maji ndani, kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, iliwaambia watu wa kabila moja kwamba wasijisumbue kupiga simu. Kabila lenyewe sitalitaja, kwa kuwa kulitaja ni kuisambaza karatasi ile. Nilipomwuliza dalali aliyeibandika, kijana mwenye adabu ambaye huniamkia kila asubuhi, alinijibu bila kusita: “Mzee, huo siyo ubaguzi, ni tahadhari tu. Mwenye nyumba ameshaumia.”

Jibu hilo limenikosesha utulivu kwa siku nyingi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwenye nyumba aliyeumia ana haki ya kujikinga. Mimi mwenyewe nina vyumba sita vya kupangisha, na kabla ya kustaafu nilifanya kazi kwa miaka mingi katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambako nilikuwa miongoni mwa watu walioamua nani akopeshwe na nani asubiri. Kwa hiyo siandiki kumwambia mtu afungue mlango kwa kila anayebisha hodi. Ninachosema ni kwamba tahadhari na ubaguzi ni vitu viwili tofauti, kwamba tofauti yake inaonekana kwa anayetaka kuiona, na kwamba anayetumia kimoja mahali pa kingine humdhulumu mtu asiye na kosa na papo hapo huiacha nyumba yake bila ulinzi.

Katika ushirika, mwombaji wa mkopo alipokaa mbele yetu tulimwuliza mambo yake yeye: kipato chake kinatoka wapi na kinaingia lini, amewahi kukopa na alirejesha vipi, ana akiba kiasi gani, nani anamdhamini, na mvua ikigoma atalipa kwa nini. Swali hilo la mwisho hapa kwetu ni la lazima, maana mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mkulima wa mtama au alizeti aliyeahidi kulipa baada ya mavuno anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akashindwa. Tulikataa maombi mengi. Lakini kila aliyekataliwa aliambiwa sababu, na sababu hiyo ilikuwa jambo analoweza kulishughulikia: aongeze akiba, alete mdhamini wa pili, amalize deni la zamani, au aombe kiasi kidogo zaidi. Mtu aliyekataliwa kwa ajili ya kabila lake hana cha kwenda kurekebisha, kwa kuwa hawezi kurudi mwaka ujao akiwa amezaliwa na wazazi wengine.

Dalali yule aliniambia pia kwamba “wengi wao” hukimbia na kodi. Nimejiuliza hao “wengi wao” wamehesabiwa na nani. Nchi hii haijawauliza watu kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967, na mwenye nyumba hana daftari jingine zaidi ya kumbukumbu zake. Kumbukumbu nazo huchagua. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kufagia uwanja huitwa Baba Fulani au Mama Fulani, na kabila lake halimjii mtu kichwani. Siku atakapoondoka usiku bila kuaga, kabila lake ndilo litakalotajwa kwanza, kabla hata ya jina lake. Kwa namna hiyo mtu anaweza kuishi na wapangaji ishirini wema wa kabila moja na mmoja mbaya, kisha akaamini kwa moyo wote kwamba ameshuhudia tabia ya kabila hilo.

Hata hivyo, tuchukulie kwamba mwenye nyumba amehesabu kweli. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila wapangaji 1,000 wa kabila analolikataa, 20 hukimbia na kodi, na katika kila 1,000 wa makabila mengine hukimbia 10. Hapo atasimama aseme kwamba kabila hilo lina hatari mara mbili ya wengine, na hesabu yake itakuwa sahihi. Lakini hesabu hiyohiyo inasema kwamba watu 980 kati ya 1,000 aliowafungia mlango wangemlipa kama kawaida, na kwamba wale 10 wa makabila anayoyapenda wamekwisha kuingia ndani, kwa sababu alidhani kuuliza kabila kunatosha akaacha kuuliza mengine. Angeomba kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa anakotoka mpangaji, na namba ya mwenye nyumba wa awali, kisha akaipiga kweli namba hiyo, angewabaini wengi wa kundi hili na wa kundi lile bila kumvunjia heshima yeyote. Simu moja kwa mwenye nyumba wa zamani inajua mengi ambayo kabila haliyajui.

Naandika haya nikiwa Mgogo wa Mvumi, na wasomaji wenye umri wangu wataelewa kwa nini nalitaja hilo. Miaka ya 1980, nikiwa masomoni Dar es Salaam, nilipata chumba kwa mama mmoja aliyenipokea vizuri, akanionyesha choo na bomba, tukapatana bei, hadi aliponiuliza kwetu ni wapi. Nilipojibu kuwa ni Dodoma alinyamaza kidogo, kisha akasema amekumbuka kwamba chumba kile kimeshapata mtu. Nilikuwa na fedha ya miezi mitatu mfukoni. Nilipokuwa natoka nilisikia mtu ndani ya nyumba akisema kwamba Wagogo ni ombaomba, leo atalipa, kesho atakinga mkono.

Sifa hiyo ina historia, na historia yake haiko katika damu yetu. Ugogo ni nchi kame ambamo mwaka mmoja mbaya hutosha kumaliza ghala. Wazee wetu walitusimulia njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita Kuu kupita hapa, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, yakichukua nafaka, ng’ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakataa. Mtu aliyenyang’anywa chakula, mifugo na nguvukazi, akakosa na mvua, huenda kuhemea kwa jamaa na kwa wageni. Mtu wa kabila lolote angefanya hivyo. Aliyewaona babu zetu barabarani aliona shida ya kweli. Alikosea pale alipoigeuza shida ya miaka ile kuwa tabia, kisha akanihukumu kwayo mimi, mwanafunzi mwenye kodi mkononi, miaka zaidi ya sitini baadaye. Ndiyo maana karatasi ile imeniuma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, watu wa kila mkoa wanatafuta vyumba kwetu, na sasa sisi ndio tulioshika funguo.

Nakubali kwamba kuna nyakati ambapo hatuna nafasi ya kumchunguza mtu mmoja mmoja. Binti yangu ni muuguzi, na anapomaliza zamu usiku hapandi pikipiki ya dereva asiyemfahamu. Ana madereva wawili wa bodaboda anaowajua kwa majina, huwapigia mapema, na ikimlazimu kupanda ya mwingine humtumia dada yake namba za pikipiki kabla hajakaa. Hasemi kwamba vijana wa bodaboda ni wahalifu, na mchana humpanda yeyote aliye kijiweni. Kinachobadilika ni saa, giza la njia, na ukubwa wa kile atakachopoteza jambo likiharibika. Kodi ya mwezi mmoja ikipotea hutafutwa tena, lakini uhai hautafutwi, na kwa hiyo nampa haki yote ya kuwa mkali hata akiwa na taarifa chache. Tena gharama ya tahadhari yake anaibeba mwenyewe: yeye ndiye anayesubiri nusu saa nje ya lango, na yeye ndiye anayeongeza nauli ili dereva wake aje kutoka mbali. Gharama ya karatasi ya Nkuhungu imebebeshwa mtu mwingine, ambaye hata hajulikani jina.

Mfano ulio wazi zaidi tuliupata Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera. Swali lenye maana wakati ule lilikuwa iwapo mtu alimgusa mgonjwa, au maiti, au majimaji ya mwili wake, na iwapo siku 21 zimekwisha kupita, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa hadi siku hizo. Ni swali kali, na jibu lake linaweza kumfanya mtu afuatiliwe kwa wiki tatu, lakini ndani yake hamna kabila. Mhaya aliyezaliwa hapa Dodoma na ambaye hajafika Bukoba kwa miaka kumi hakuwa na hatari yoyote ya kumpa jirani yake, ilhali Mgogo mwenzangu aliyerudi jana kutoka kumhudumia mgonjwa huko alipaswa kuulizwa mengi. Aliyeamua kuwakwepa Wahaya wote angewakimbia watu wenye afya na kumkumbatia ndugu yake mwenye hatari. Mlipuko ule ulitangazwa kumalizika Juni 2 mwaka huohuo, na sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika ilikuwa kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Hilo la kumkumbatia ndugu nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimelifanya. Miaka michache iliyopita alinijia kijana wa jamii ya wafugaji kutoka mkoa wa jirani, ana barua ya mwenyekiti wake na kodi kamili, nami nikamwambia chumba kimejaa kwa kuwa nilikuwa nimesikia maneno juu ya watu wa kwao. Nilitamka maneno yaleyale niliyotamkiwa Dar es Salaam, na sikuyatambua yalipokuwa yanatoka kinywani mwangu. Wiki hiyohiyo nilimpa chumba kile mtu wa kijiji cha jirani na kwetu, bila barua, bila mdhamini, bila mkataba, kwa sababu tulisalimiana kwa Kigogo na aliwafahamu shangazi zangu. Aliondoka usiku akiwa na deni la miezi mitano, na mlango ameung’oa. Mimi niliyekagua mikopo ya watu kwa miaka mingi sikumwuliza hata swali moja kati ya yale niliyowauliza wakopaji. Kumwamini mtu kwa kuwa ni mwenzetu na kumkataa mtu kwa kuwa si mwenzetu ni kosa lilelile, na hasara yake inaweza kuwa kubwa kuliko kodi ya chumba: wengi walioweka fedha zao katika mpango wa upatu wa DECI, uliosimamishwa na Serikali mwaka 2009, hawakuuliza faida ingetoka wapi, kwa sababu waliowaita kupanda na kuvuna walikuwa watumishi wa Mungu waliowafahamu makanisani.

Nimeshaambiwa kwamba nayakuza mambo, kwamba Watanzania tunataniana makabila tangu enzi na hakuna anayechukia. Utani naupenda na nimeuishi hadi kwenye misiba. Lakini mtani husimama mbele yako, na wewe unamjibu, na mnapomaliza mnakula sahani moja. Karatasi ya kwenye nguzo haijibiwi, na anayeisoma hulala stendi.

Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, inapoeleza maana ya kubagua, inataja kabila, pahala mtu alipotokea, dini na jinsia, na katika ibara hiyohiyo inakataza hata aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Mshtakiwa aliye kizimbani amepewa ulinzi huo. Msomaji wa karatasi ile hajashtakiwa kwa lolote.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, na kwa wenyeviti wa mitaa ya jiji hili: tangazo la chumba au la kazi linalotaja kabila au dini ya asiyetakiwa lisipokelewe, na likibandikwa ukutani au kwenye nguzo liondolewe. La pili ni kwa mwenye nyumba mwenzangu, ambaye sina nia ya kumfedhehesha. Abandike karatasi nyingine kesho, aandike juu yake kitambulisho, barua ya mtaa, mdhamini, mkataba wa maandishi na kodi ya miezi mitatu, awaulize hayo wote wanaokuja, hata mtoto wa dada yake. Akihitaji nakala ya mkataba, ninazo nyumbani na nitampa bila malipo; dalali wetu anapafahamu kwangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mstaafu wa ushirika,
Nkuhungu, Dodoma.