Barua kwa mwanangu: siku nzima ndani ya basi, kisiwani Chios

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nimeamua kukuandikia kwa sababu najua sauti ninazokutumia kwenye WhatsApp unazisikiliza kwa kasi maradufu, mama yako anasikika kama kuku aliyekurupushwa bandani. Hii isome ukishatoka kazini, ukishakoga, ukishakula.

Wiki iliyopita nimefanya jambo ambalo wewe unaliuza kila siku na mimi sijapata kulinunua. Nimepanda basi la watalii, asubuhi hadi jioni, na mtembezaji mwenye maikrofoni. Chama cha wastaafu cha mtaani kwetu hapa Athens kilipanga safari ya Chios, na kiria ninayemtunza (ndivyo mabibi wanavyoitwa huku, nami sijawahi kumwita vingine) akasema haendi bila mimi. Ana miaka 87 na magoti mawili mabovu. Basi tukapanda meli ya usiku Piraeus, bandari ya Athens, kulipokucha tukateremka bandarini Chios, na saa mbili juu ya alama basi likaondoka.

Nikueleze kwanza juu ya huyo mtembezaji, maana nilikuwa namtazama yeye kuliko madirisha. Mwanamke wa makamo, kitambulisho cha leseni kifuani. Alituhesabu kwa macho, hakutunyooshea kidole kama mtu anayehesabu mbuzi. Kabla hajataja mfalme wala mwaka wowote, alitutajia vyoo: kituo cha kwanza kipo, cha pili hakipo, cha tatu kiko mbali na basi. Vikongwe wote wakashusha pumzi. Hilo peke yake lilimtosha kupendwa mpaka saa sita.

Tulipanda mlimani, kona juu ya kona, hadi Nea Moni. Ni monasteri iliyojengwa karne ya 11 kwa fedha za Kaizari Konstantino wa Tisa. Kuta za kanisa lake zimepambwa picha za vipande vidogo vya kioo na dhahabu, na tangu 1990 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama Mji Mkongwe wetu ulivyoingia mwaka 2000. Mlangoni wanawake waliovaa vibaya hupewa kitambaa cha kujifunga kiunoni. Wakapewa wote, mabibi wa watu na suruali zao fupi, isipokuwa mimi na mtandio wangu na gauni langu refu. Kiria alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini hapo hapo, karibu na lango, pana kijumba kidogo chenye kabati la kioo, na ndani ya kabati mna mafuvu ya watu. Mwaka 1822, Wagiriki walipoinuka dhidi ya dola ya Uthmaniya, jeshi la Sultani liliteremshwa Chios. Makumi ya maelfu waliuawa, na makumi ya maelfu wengine wakapelekwa kuuzwa katika masoko ya watumwa, Izmir na Istanbul. Waliokimbilia Nea Moni, watawa na raia, waliuliwa humo humo. Mafuvu ni yao. Mengine yana alama za upanga.

Mtembezaji alitueleza yote hayo tukiwa nje, juani, chini ya mti. Akasema: ndani sitasema neno, na ninawaomba simu zibaki mfukoni. Tukaingia watano watano. Nilisimama mbele ya kioo, nikaona fuvu dogo, dogo sana, nikasoma Fatiha kimoyomoyo. Tulipotoka hakutuuliza tumejisikiaje. Alitupa maji, akatuacha dakika kumi.

Unakumbuka nilipokuja likizo ukanichukua Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, pamoja na wageni wako? Uliwashusha kwenye vile vyumba vya chini, ukaeleza watu walivyopangwa humo kama magunia, halafu ukazima taa ili walisikie giza. Mmoja akacheka kwa woga. Nusu saa baadaye walikuwa wananunua kanga. Sikukwambia kitu siku ile kwa sababu nilidhani kuzima taa ndio ufundi wenyewe, na bakshishi ilikuwa nzuri. Sasa nakwambia: acha taa iwake, baba. Soko lile lilifungwa 1873 tu. Bibi yake bibi yangu alikuwa ameshazaliwa.

Kutoka hapo tukaenda Anavatos, kijiji cha mawe juu ya jabali, karibu kitupu kabisa. Wanasema watu wake walijirusha kutoka juu mwaka huo huo wa 1822 wasikamatwe hai. Wenye miguu walipanda. Mimi na kiria tulibaki chini kwenye mkahawa, nikamwagizia kahawa. Akainywa nusu, akasema, "Huyu mwanamke anajua kila kitu cha miaka mia mbili na hamsini iliyopita, na hajui mama yangu."

Nikamuuliza mama yako ana nini na Chios. Miaka tisa namkogesha, namlisha, namchana nywele, na sikuwa najua. Mama yake alizaliwa Çeşme, ng'ambo ya pili, pwani ya Uturuki. Kutoka ufukweni Chios mchana mwema unaziona nyumba zake. Mwaka 1922, vita vilipowageukia Wagiriki wa upande ule, watu walivuka kwa chochote kinachoelea. Mtoto wa miaka tisa, mkono mmoja ameshikwa na mama yake, mkono wa pili amekumbatia kinu cha kahawa cha shaba. Wakalala bandarini pale pale tulipopandia basi asubuhi ile, siku nyingi, halafu wakapelekwa Piraeus.

Mwanangu, kinu hicho kipo jikoni. Nakisugua kwa ndimu na chumvi kila Jumamosi, na zaidi ya mara moja nimemnung'unikia kwamba hakisagi tena, kitupwe.

Basi likashuka kusini, kwenye nchi ya mastiki, utomvu wa mti unaotafunwa. Hapa ndipo nilipokukumbuka zaidi, maana ni shamba la viungo lile lile, ila harufu nyingine. Mti wenyewe haupendezi, nikwambie kweli: mfupi, umepindapinda, majani madogo ya kijani kibichi, kama kichaka kilichokasirika. Jamii yake imeenea pande zote za Bahari ya Kati, lakini utomvu huu wa kuuza hutoka kusini mwa Chios tu, kwenye vijiji vyao 24. Wenyewe wanauita machozi. Wana hadithi kwamba miti ililia askari wa Kirumi walipomtesa mtakatifu wao Isidoro, ndiyo maana mpaka leo inadondosha.

Kazi yenyewe ni hivi. Mwanzo wa kiangazi wanafagia chini ya mti mpaka pawe safi kama ua wa bibi siku ya Idi, halafu wanatandaza udongo mweupe, unga wa chokaa. Kisha wanagema: wanachanja gome kwa chuma kidogo chenye ncha, vichanjo vifupi vifupi, tena na tena kwa wiki kadhaa. Utomvu unatoka, unaning'inia, unadondoka juu ya ule weupe na kuganda taratibu. Mvua ikinyesha kabla ya wakati, wamekwisha. Ule udongo mweupe nikauona ni jamvi la karafuu. Bibi yako kule Wete akiona wingu alikuwa anakimbia na kukunja majamvi kabla hajafunika hata sufuria.

Na majira ya baridi wanawake hukaa pamoja barazani, sinia mapajani, wakiyasafisha machozi chembe kwa chembe kwa kisu kidogo. Mtembezaji alipolisema hilo nikajikuta nimesema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Kama kuchambua karafuu!" Basi zima likageuka. Ikabidi nieleze kwa Kigiriki changu cha jikoni: kwamba na sisi tulikaa usiku kwa taa ya chemni, tukitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, vidole vinanuka mpaka kesho yake chai inanuka. Mabibi wakaniuliza maswali kumi. Mtembezaji akaweka maikrofoni chini akanisikiliza, na akaniuliza makonyo nayo yanafanywa nini. Nikamwambia yanakamuliwa mafuta. Akaandika.

Lingine la kufanana: walioitawala Chios wote waliugombea mti huo. Watu wa Genoa walikaa kutoka 1346 hadi 1566, wakaifanya mastiki kuwa yao peke yao, na mwizi wa mastiki aliadhibiwa kwa uzito wa alichoiba, wa kidogo akikatwa sikio, wa kingi akinyongwa. Kisha Waturuki, na mastiki ikaenda kutafunwa na wake wa Sultani. Mwaka 1938 wakulima wenyewe wakaunganishwa kwenye chama kimoja cha ushirika, na mpaka leo mastiki hupitia humo. Nikawaza sisi na karafuu yetu ya kuliuzia shirika la serikali, na majahazi ya magendo ya Pemba yaliyokuwa yakiondoka usiku kuelekea Shimoni. Sisemi zaidi, barua zinafunguliwa.

Kijiji cha Pyrgi utakipenda. Kuta za nyumba zimechorwa toka chini hadi juu, pembetatu, duara, nyota, nyeupe na kijivu. Wanapiga lipu yenye mchanga mweusi, wanapaka chokaa juu yake, halafu wanakwangua mapambo kwa uma kabla chokaa haijakauka. Uma wa kulia chakula! Vichane vya nyanya ndogo vinaning'inia barazani, vyekundu juu ya mapambo hayo. Mtembezaji akatuonyesha nyumba moja, uso mkavu, akasema watu wa hapa wanasema Christopher Columbus alilala humo. Hakusema ni kweli, hakusema ni uongo. Nikakumbuka mnavyowazungusha watu Shangani, nyumba hii kazaliwa Freddie Mercury, mtaa wa pili papasi mwingine naye ana nyumba yake.

Kijiji cha Mesta ndipo tulipokula. Nyumba za pembeni zimeungana migongo zikawa ukuta wa mji, na mapaa yamelingana ili watu wakimbie juu kwa juu wakivamiwa na maharamia. Nilijiambia mtu aliyekulia Malindi hapotei kwenye vichochoro. Nilipotea. Kijana mmoja wa mgahawani akanirudisha nikiwa nimeshaanza jasho. Baada ya chakula wote wakaletewa vikombe vidogo vya pombe ya mastiki. Mimi, baada ya kutikisa kichwa, nikaletewa kijiko cha utamu mweupe mzito uliozamishwa ndani ya glasi ya maji baridi. Wanauita nyambizi. Unalamba kijiko, unakunywa maji. Ladha iko kati ya ubani maka na mvinje baada ya mvua, siwezi kukueleza vizuri zaidi.

Ufukwe wa kokoto nyeusi tuliupitia haraka. Bibi mmoja alijaza kokoto mkobani, ingawa ni marufuku, na mtembezaji akamrudisha azimwage bila kumwaibisha, kwa kumshika mkono tu kama anayemsaidia kutembea.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Tukiwa njiani kurudi, kiria alinyanyuka. Basi linakwenda, kona hizo, magoti hayo. Nikamshika kiuno. Akamwambia mtembezaji mbele ya watu wote kwamba siku nzima amesikia 1822 na hajasikia hata mara moja 1922, na mama yake alishukia bandari ile. Nikatamani kujificha chini ya kiti. Yule mwanamke hakujitetea. Hakusema ratiba, hakusema muda. Alikuja hadi kwenye kiti chetu, akamkalisha kiria, akampa maikrofoni.

Kiria alizungumza vibaya, nikwambie ukweli. Alirudia rudia, alitaja majina ya watu ambao hakuna awajuaye, maikrofoni ilipiga kelele. Lakini alipofika kwenye kinu cha kahawa, mzee mmoja wa nyuma akasema na kwao walivuka na mlango. Mlango wa nyumba, wameung'oa bawabani. Mwingine akasema wao picha ya mtakatifu. Kumbe nusu ya basi wametoka kule! Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa, na tulipofika mjini akapitia njia ya pwani, akasimama. Taa za Çeşme zilikuwa zimeanza kuwaka.

Mwezi wa saba ulinisimulia habari za yule mzee kutoka Maskati aliyekuwa kwenye kundi lako, anayezungumza Kiswahili cha zamani kuliko chetu, aliyekuomba msimame Kidichi kwenye nyumba moja, si hamamu ya Sayyid Said, nyumba tu ya kawaida. Ukamwambia haimo kwenye ratiba. Ulinisimulia kama kichekesho, nami nilicheka. Aliondoka Unguja mwaka 1964, ulisema, akiwa mdogo. Nambari yake ya simu bado unayo? Ulisema alikuomba muwasiliane.

Kuna mtu wa kwetu anasafiri Ijumaa, nimempa kifurushi. Mna machozi ya mastiki robo kilo. Ghali, usiwagawie wenzako barazani. Mpe bibi yako kwanza, mwambie asiume kwa nguvu, yanaanza magumu kama jiwe kisha yanalainika mdomoni. Mna pia kitambaa kama kile cha Nea Moni nilichomnunulia dada yako, na soksi zako. Kiria anakusalimu. Amesema ukija atakusagia kahawa kwa kinu chake, nami nimemwambia hakisagi, akasema basi tutakitengeneza.

Mama yako