Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mzigo Wetu Bandari Inapozidiwa

Ndugu wanachama,

Meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, wengi wetu tulisema hayo ni ya Ulaya, kwa kuwa mzigo wetu wa kutoka China haupiti Mfereji wa Suez. Tulikosea. Kuikwepa bahari hiyo na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, kuliongeza takriban siku 10 hadi 14 katika safari za Asia na Ulaya, na meli na makontena yanayohudumia njia zote ni yale yale. Ratiba zikivurugika huko, Dar es Salaam meli huja kwa mpigo, yadi hujaa, malori hupanga foleni Barabara ya Mandela.

Hapo siku za bure, yaani za kukaa na kontena bila kutozwa, ndizo huisha haraka. Zipo hesabu mbili: ya yadi kwa kuhifadhi, na ya wakala wa meli kwa kontena lake. Kontena likitoka getini, ya kwanza husimama. Ya pili huendelea mpaka tupu lirudi. Kwa hiyo nyaraka zianze kushughulikiwa meli ikiwa bado baharini. Linganisheni hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi: tofauti ya uzito au namba moja ya kontena inatosha kusimamisha kazi.

Kinachoniumiza zaidi ni maparachichi ya Njombe. Kontena la baridi huharibikiwa foleni, pale jenereta ya lori inapoishiwa dizeli kabla ya kuchomekwa umeme wa yadi. Dereva aondoke na tangi limejaa, na kila saa mbili aandike joto lililopangwa, joto la hewa inayoingia ndani ya kontena na la inayorudi kwenye mashine. La kurudi likipanda mfululizo, apige simu papo hapo. Getini apige picha ya kioo cha mashine na lakiri. Bila hizo, kila mmoja atamtupia mwenzake lawama.

Bima nayo isomwe vizuri. Ya kawaida ya mzigo hailipi hasara itokanayo na ucheleweshaji.

Kwa mzigo wa Zambia na Kongo, ulizeni bei ya reli mapema na muitunze, pamoja na ya Bandari Kavu ya Kwala, kituo cha mizigo cha nchi kavu mkoani Pwani. Nafasi haipatikani siku barabara imefungwa na mafuriko.

Kamati bado inasubiri namba za simu za watu wenu wa zamu ya usiku. Zifike kwa katibu wiki hii.

Mwenyekiti