Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha taarifa ya mwaka. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mimi nitajikita kwenye somo letu la mwaka huu: chimbuko la kidini la harakati za amani nchini Urusi.

Mwanzoni wengi wetu tulimtaja mwandishi Leo Tolstoy peke yake. Somo lilitupeleka kwa wakulima. Wadukhobori, dhehebu la Kikristo la wakulima wa Urusi waliohamishiwa Kaukazi, eneo la milima kusini mwa dola hiyo, kwa nguvu miaka ya 1840 kwa sababu ya imani yao, waliamini kwamba Mungu anakaa ndani ya kila mtu. Basi ungemuuaje mtu? Pasaka ya 1895, Mdukhobori Matvey Lebedev na wenzake jeshini walirudisha bunduki zao, wakikataa kutumika, wakaadhibiwa vikali. Mwishoni mwa Juni, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Petro, ndugu zao vijijini walirundika bunduki, panga na majambia juu ya kuni na makaa, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha moto huku wakiimba zaburi. Katika eneo la Bogdanovka, Wakozaki, askari wa farasi wa serikali, waliwavamia kwa mijeledi. Maelfu waliondolewa makwao, na wengi wakafa kwa maradhi.

Tolstoy alitoa malipo ya riwaya yake kuwasaidia kuhama. Wakweka wa Uingereza nao walichanga. Dhehebu hilo ndilo lililofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Mwaka 1899 Wadukhobori wapatao 7,500 walihamia Kanada. Mwaka huohuo ulifanyika The Hague mkutano wa amani ulioitishwa na Tsar Nicholas II, mtawala wa dola iliyowatesa. Jambo hili liliniuma sana, na naamini historia ya amani ya Urusi isimuliwe kuanzia kwa wale walioimba zaburi, ndipo imfikie Tsar.

Baada ya mapinduzi ya 1917, amri ya tarehe 4 Januari 1919, iliyotiwa saini na Lenin, kiongozi wa serikali mpya, iliruhusu mtu kukataa jeshi kwa sababu za dini. Vladimir Chertkov, rafiki wa Tolstoy, aliongoza baraza lililoshauri mahakama kuhusu waombaji. Nafasi hiyo haikudumu.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tusome madhehebu mengine mawili ya Kikristo ya Urusi: Wamolokani, pamoja na Wamennoniti waliokubaliwa kufanya kazi za misitu badala ya kubeba silaha. Naomba mkutano uidhinishe.