Mita 60 hazitoshi kwa mto unaohama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisemee hivi viwanja vinavyouzwa sa hivi chini ya milima, maana kila masika tunaona kwenye taarifa ya habari nyumba zimejaa tope mpaka madirishani, kiongozi anakuja na gambuti zake anasema ni mafuriko, watu wanapewa pole, mwezi unaofuata dalali yuko palepale na kamba anapima.

Yale sio mafuriko ya kawaida jamani. Chukua huku kwetu Mto wa Mbu, waliowahi kupanda Ngorongoro wanapajua, unatoka Makuyuni tambarare tupu halafu ghafla ukuta wa Bonde la Ufa huo mbele yako. Vijito vinashuka kwenye makorongo membamba vimebeba mawe, changarawe na udongo, vikifika chini mteremko umeisha na hakuna kuta za kuvibana, maji yanatawanyika, nguvu inakata, mzigo unatuliwa hapohapo. Mawe makubwa yanabaki karibu na mdomo wa korongo, mchanga unasogea mbele, tope laini linaishia karibu na ziwa Manyara. Imeenda hivyo miaka maelfu mpaka ardhi imetanuka kama kipepeo cha kupepelea moto wa mkaa, na juu yake ndo tumejenga. Siwalaumu waliotangulia, panalipa kweli, migomba inakubali, mpunga unakubali, na hata ule msitu wa getini hifadhi ya Manyara unaishi kwa maji yanayotoka ardhini chini ya ukuta huohuo.

Asiyeamini akasimame mtu anapochimba shimo la choo. Juu udongo mweusi, kidogo mchanga, halafu mawe ya mviringo ambayo mtu mmoja hanyanyui, halafu tope kavu, halafu mawe tena. Yale mawe hayakuletwa na lori, mto ulishapita hapo, hata kama leo uko mbali kwa jirani.

Sasa sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sawa, ila mita 60 kutoka wapi? Huku mto unajijazia njia yake wenyewe kwa mchanga, unapanda mpaka unakuwa juu kuliko mashamba ya pembeni, ikipiga mvua moja ya maana unaruka unashika njia ya zamani ambayo watu washaisahau na wameshapanda maua. Kule India mto Kosi unaoshuka toka Himalaya umehama zaidi ya kilomita 100 ndani ya karne mbili hivi, wakaujengea matuta, Agosti 2008 tuta likapasuka upande wa Nepal na mamilioni ya watu wakakumbwa. Kwa hiyo hili la kuleta kijiko kutoa mchanga darajani na kuurundika pembeni linasaidia magari yapite msimu huu, basi.

Na tusisahau mlima Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima iliyonyonya maji ilimeguka, tope na mawe na magogo yakashuka mpaka Gendabi na Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Tope lile halikuuliza nani yuko nje ya mita 60.

Sisemi tuhame, Mto wa Mbu nzima itahamia wapi? Nachosema kabla ya kugawa viwanja wapimaji wachore mdomo wa kila korongo na eneo lote ambalo mawe yamewahi kufika, pale juu kwenye mawe makubwa pabaki malisho au migomba, shule na zahanati zisiwekwe kabisa. Wazee waulizwe maji yalipita wapi zamani, wanajua. Barabara nayo iwekewe makalvati mengi badala ya kutegemea daraja moja, maana nani kaahidiwa kwamba maji yatapita hapo tu? Na wanaolima kule juu ya ukuta mpaka mwisho wa ukingo wake nao waambiwe, mchanga wao tunaupokea sisi.

Mhariri, masika ijayo mkituma mwandishi asiishie kupiga picha gari zilizokwama barabarani, apande kwa miguu mpaka korongo linapotokea, halafu ahesabu nyumba mpya anazokutana nazo njiani.

Msomaji wenu,
Mto wa Mbu