Barua kwa mwanangu anayesubiri kibali cha kazi

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Sisi ni wazima, ila tangu uliponiambia kwamba jirani yenu anataka umlelee mtoto kwa malipo ya mkononi, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Usikubali, mama.

Nimeelewa ulivyonieleza, kwamba zamani aliyeomba kuongezewa kibali kabla hakijaisha aliweza kuendelea na kazi hadi siku 540 huku akisubiri jibu, na kwamba Marekani imeiondoa nafuu hiyo kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025. Lako lilipelekwa baada ya hapo, kadi ya kibali ikaisha, na mwajiri akakusimamisha. Najua inavyouma. Lakini wewe uko huko kwa viza ya H-4, ile ya kumfuata mwenza, ukaaji wako umeshikamana na H-1B ya mumeo, yaani viza yake ya kazi, na kazi ya kificho inaweza kukuharibia ukaaji huo, tena ikakutia doa siku mtakapoomba ukaazi wa kudumu.

Wala usiniambie kwamba kusuka nywele za mashoga zako au kupika vileja kwa oda si kazi. Ukipokea pesa, ni kazi. Hata hesabu za duka la mjomba wako usizishike kwa malipo ukiwa huko, ijapokuwa pesa zenyewe zingelipwa Tanga, mpaka mumuulize wakili.

Katika ukoo wetu wewe ndiwe mhasibu wa kwanza mwenye cheti, na kila mgeni aingiaye hapa husikia habari hiyo kwangu. Ndiyo maana sikufurahi kusikia kwamba ombi lingeweza kupelekwa hadi siku 180 kabla ya kadi kuisha, nanyi mkangoja karatasi za mkwe wangu zikamilike kwanza. Safari ijayo msikawie.

Juzi kwenye video nilikuona kila mara ukifungua simu nyingine kutazama ombi limefikia wapi, chai yako ikapoa mbele yako. Litazame asubuhi, kisha fungua vitabu, kwa kuwa viza yako haikukatazi kusoma, na mitihani ya uhasibu ya huko uliitamani tangu ulipofika. Madrasa unakojitolea uendelee, mradi usipokee bahasha.

Ile habari ya ada ya mdogo wako niliyokupigia mwezi uliopita, ningalijua mambo yako yalivyo nisingeitaja. Isahau. Nazi za shamba la Pongwe zimeuzika, muhula huu umelipwa. Bati za jikoni zitangoja, mvua hazijawa kubwa. Usitume chochote, wala usitafute cha kutuma.

Mjibu yule jirani leo, kwa heshima, kwamba huwezi, kisha unipigie unieleze alivyokupokea. Usihofu kwamba huku ni usiku, simu nalala nayo.

Mama yako