Kwa vijana wa grupu letu: hicho kiti mnachokiita kidogo

Wanangu, salamu kwenu nyote, wa Rogers Park, wa Aurora, na nyinyi wachache mliohamia Indiana kodi ikawashinda lakini bado mnatupigia kelele kwenye grupu. Nimesoma meseji zenu zote, mia mbili na kitu, tangu binti yetu aseme anataka kugombea uwakilishi kwenye bunge la jimbo hapa Illinois, na mimi simu yangu maandishi ni madogo miwani imepasuka upande mmoja, kwa hivyo mjue nimeteseka. Mmoja wenu kaandika ati hicho kiti si ni kama cha MCA tu, diwani wa kaunti kule nyumbani Kenya, kwa nini asingoje kitu cha maana. Mwingine akamjibu, mbona Obama alianza na Seneti moja kwa moja. Hapo ndio nikaona niandike, kurekodi sauti dakika kumi mtairuka kama kawaida yenu.

Kwanza huyo wa Obama alianza na Seneti, amesema kweli bila kujua. Seneti ziko mbili. Iko ile ya Washington, na kila jimbo lina bunge lake, letu liko Springfield, saa tatu na kitu kwa gari ukitoka Chicago, mahindi kushoto mahindi kulia. Seneti ya huko ina watu 59 na wawakilishi ni 118. Obama aliapishwa Springfield Januari 1997 na akatoka Novemba 2004, yaani karibu miaka minane. Useneta wa Washington alikaa kutoka Januari 2005 hadi Novemba 2008, haikufika hata minne. Sisi nyumbani tulimjua kwa huo wa pili, alipokuja Kenya 2006 watu wakapanda juu ya miti, ile bia ya Senator watu wakaibandika jina lake, na aliposhinda urais Kibaki akatupa likizo tarehe 6 Novemba 2008, wengine wenu mlikuwa darasa la pili mkafurahia tu kutoenda shule. Lakini hiyo miaka minane ya mahindi nani aliwahi kuiimbia? Na ndiko siasa ilikomfundisha, mara kwa upole mara kwa kofi.

Sasa niwaambie alivyoingia, manake hii hadithi mkiijua vizuri mtaacha kuzungumzia hotuba zake. Mwaka 1995 kiti cha distrikti ya 13, upande wa South Side, kusini mwa Chicago, Hyde Park na South Shore na mitaa ya hapo, kilikuwa cha mama mmoja anaitwa Alice Palmer. Yule mama alitaka kwenda Kongresi, bunge la Washington, akasema mimi naondoka, huyu kijana Obama ndiye achukue nafasi yangu. Novemba 28 akashindwa na Jesse Jackson Jr., tena vibaya, wa tatu. Wazee wakamwendea Obama wakamwambia bwana mpishe mama, arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa. Mama naye akakimbia kukusanya saini za kuingia kwenye mchujo, ule uchaguzi wa ndani ya chama, akaleta karibu 1,600, zilizotakiwa wakati huo ni 757. Ukiangalia unasema huyu amepita, ana mara mbili.

Watu wa Obama wakaenda kukaa kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, wakachukua zile karatasi, jina moja baada ya jingine, wakilinganisha na daftari la wapiga kura. Huyu anaishi ng'ambo ya mpaka wa distrikti, toa. Huyu hajajiandikisha, toa. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa kama anajaza fomu ya shule badala ya kutia saini, toa. Na si mama peke yake, wapinzani wote wanne saini zao zilipingwa, mmoja akapungukiwa na saini 86, mwingine 69, mama akajiondoa mwenyewe, na Obama akaingia kwenye mchujo bila mtu. Novemba 1996 akashinda kwa asilimia 82 na ushei, lakini mnaona wenyewe uchaguzi wenyewe uliisha Januari kwenye meza yenye makaratasi.

Mimi hiyo hainifurahishi sana, nasema wazi. Mama alikushika mkono, unamtoa nje ya debe kwa sababu ya mwandiko wa watu? Na huyu ndiye huyo huyo ambaye 1992 alisimamia kampeni ya kusajili wapiga kura wapya, zaidi ya laki moja hapa Illinois. Alilijua daftari ndani nje, na ujuzi wa kuingiza watu ndio huo huo wa kuwatoa. Mnaweza kumtetea kwamba mama alitoa ahadi akairudisha, na kwamba sheria ni sheria, mke wangu humtetea hivyo na tumebishana juu ya hilo miaka. Lakini hata mkisimama upande gani, binti yetu ajue kwamba mchezo huu unachezwa hivi mpaka leo na atachezewa yeye.

Na mimi nimeshaonja. Miaka ya nyuma nilimsaidia rafiki yangu kuzungusha fomu, kiti kidogo, jina nalihifadhi. Baridi ile mnaijua, kalamu ya wino inaganda, nikawa naiweka kwapani dakika moja ndio iandike jina moja. Nikazunguka ngazi za maghorofa wiki tatu, Wakongo wetu wakanifungulia mlango wakanipa chai, wakatia saini nyumba nzima, baba, mama, kijana, shangazi aliyefika juzi kutoka kambini. Nikarudi nafurahi na kurasa zangu. Zikapingwa, karibu kurasa tatu zikaanguka. Shangazi hajawa raia. Kijana ni raia lakini amejiandikisha anwani ya zamani. Baba alimtilia mama saini kwa sababu mama alikuwa jikoni. Makosa yangu hayo, hakuna mwingine wa kulaumiwa, nilikuwa nachukua saini kama mtu anayechanga harusi.

Kwa hivyo sikilizeni. Leo uwakilishi wa jimbo kwa vyama vikubwa unataka saini zisizopungua 500 na zisizozidi 1,500, za wapiga kura waliojiandikisha ndani ya distrikti hiyo hiyo, na una siku 90 za kuzitafuta. Msilete 520 mkapiga vigelegele, leteni 1,200. Anayezungusha karatasi anaapa chini yake mbele ya nota, yule afisa wa kuthibitisha viapo, kwamba ni raia na saini zimetiwa mbele ya macho yake. Mgombea awe na miaka 21 na awe ameishi kwenye distrikti miaka miwili, binti yetu yuko hapo tangu akiwa na meno ya mbele mawili, hilo halina shida. Na wenye grini kadi, nawaomba kama mzee wenu, kazi ziko nyingi, kupika, kukunja karatasi, kuendesha gari, lakini usitie saini, usizungushe fomu, na ukienda kurenyu leseni yule dada wa kaunta akakuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura, sema HAPANA, hata kama anatabasamu. Watu wamefika kwenye kesi ya kurudishwa kwao kwa ile ndiyo ya haraka haraka.

Turudi Springfield. Miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa wachache, miswada yake mingi ikafia mezani, jioni akawa anacheza karata na wenzake, wa chama chake na wa kile kingine, na msicheke, zile karata zilikuja kumsaidia. Pia alikuwa na ile tabia ya kubonyeza kitufe cha njano. Pale kuna vitufe vya ndiyo, hapana, na cha kusema tu nipo, na yeye katika kura kama 4,000 hivi alibonyeza nipo mara 129. Wengine wanasema ni mbinu ya chama, sawa, mimi nilikuwa dereva wa teksi, abiria akikuambia nipo bila kukuambia anaenda wapi unamshusha.

1998 akarudi kwa asilimia 89. Hapo ndipo kiburi kikamwingia kidogo, na vijana mnaotaka Kongresi mara moja, hapa mkae karibu. 2000 akaamua kumtoa Bobby Rush. Sasa Rush ni nani, ni Black Panther wa zamani, kile chama cha kupigania haki za watu weusi, South Side kila bibi kizee anamjua, na wakati huo alikuwa Kongresi tangu 1993. Ukimuuliza mtu Rush amekukosea nini hana jibu, na Obama naye hakuwa na jibu, alikuwa na Harvard. Kisha Oktoba 1999 mtoto wa Rush akapigwa risasi akafa, nani atampinga baba aliyefiwa? Desemba Obama kaenda na familia Hawaii kumwona nyanya yake, huku Springfield wameitwa kupiga kura ya dharura juu ya sheria ya bunduki, bunduki hizo hizo, mtoto akaugua, akabaki, mswada ukakosa kura chache ukaanguka. Magazeti yakamla mzima mzima. Rais Clinton akamuunga mkono Rush kwenye redio. Nilikuwa nabeba watu wa South Side kila siku, na nyuma ya gari langu mchujo uliisha wiki nyingi kabla ya Machi, mtu akipanda anauliza yule wakili wa Hyde Park anatutakia nini. Rush 61, Obama 30. Watu wakiniambia wao waliwahi kumbeba Obama kwenye teksi huwa nanyamaza, wote hao wangempigia kura angeshinda.

Mwaka huo huo akaenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, na amesimulia mwenyewe, kadi yake ikakataliwa kwenye kaunta ya kukodisha gari. Ana miaka 39, deni la kampeni, mke amechoka na siasa. Kiti alichogombea maishani akakikosa ni hicho kimoja tu.

Lakini angalieni kitu ambacho hamjakiandika hata mmoja katika zile meseji mia mbili. Alipoanguka, alianguka wapi? Alirudi kazini. Kipindi chake cha 1998 kilikuwa cha miaka minne, kwa hivyo aligombea Kongresi kiti chake kikiwa mfukoni. 2002 akachaguliwa tena bila mpinzani, 2004 akagombea Seneti ya Washington vile vile, akishindwa ana pa kurudi. Mama Palmer alikuwa ameshaaga watu kabla hajajua anakoenda. Hiyo ndiyo tofauti yao, mimi kwangu ni kubwa kuliko Kiingereza chake. Uwakilishi lakini ni miaka miwili miwili, binti yetu hatakuwa na hiyo nafasi, akitaka kuruka siku moja aruke akijua.

Halafu 2003 chama chake kikapata wingi, na Rais wa Seneti akawa Emil Jones, ambaye kwenye ule uchaguzi wa 1995 uliomwangusha mama ndiye alikuwa wa pili. Siasa za Chicago ni kijiji. Jones akampa miswada mizito na kamati ya afya. Mmoja ulikuwa wa polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, na hapa mkumbuke Illinois ilikuwa imewatoa watu 13 waliohukumiwa kifo wakaonekana hawana hatia, Gavana Ryan kabla ya kuondoka Januari 2003 akafuta hukumu za kifo za wafungwa 167. Polisi hawakuutaka huo mswada, waendesha mashtaka hawakuutaka, Gavana mpya aliupinga mwanzoni. Obama akakaa nao, akarudi, akakaa nao tena, ukapita Seneti bila mtu kuupinga. Mwingine ni wa polisi kuandika rangi ya dereva kila wanaposimamisha gari, ulianza kufanya kazi 2004. Huo naujua kwa mwili. Kabla ya hapo kuna kitongoji sitakitaja, nilisimamishwa mara tatu wiki moja, taa zote zinawaka, teksi imeandikwa teksi, na askari ananiuliza gari ni la nani. Baadaye sikuacha kusimamishwa, lakini nilimwona askari anaandika, na mtu anayeandika anakuwa na adabu kidogo. Hiyo ni kazi ya bunge la jimbo. Washington haikuniandikia hiyo.

Kwa hivyo wewe uliyesema ni kama MCA, mwanangu, leseni yako, shule ya wanao, bima ya mama yako, askari wa barabarani, vyote vinapita Springfield. Na wewe unayetaka Kongresi kwanza, sikukatazi, nenda, ila niambie kwanza Rush wako amekosea nini.

Obama alipoondoka 2004 kile kiti cha distrikti ya 13 kilipewa Kwame Raoul, wazazi wake ni wahamiaji wa Haiti, na leo ndiye mwanasheria mkuu wa jimbo hili.

Jumamosi saa nne asubuhi njooni kwangu. Binti, lete ramani ya distrikti yako na daftari la wapiga kura ulilochapisha, nitakuonyesha kukagua anwani kabla ya kubisha mlango. Mke wangu anapika mahamri na mbaazi. Wa Indiana nanyi njooni, mtakunja karatasi. Kalamu msilete zile za hoteli, hazidumu kwenye baridi.

Mzee wenu, ghorofa ya tatu, kengele haifanyi kazi, pigeni simu.